Ukitaka grenda kuukuu ya mezani, muuzaji afungue kava kwanza

Malalamiko yanayonifikia kuhusu grenda za mezani za mtumba, zile mashine za mawe ya kunolea vyuma, yamefanana mno: mota nzima, inavuma vizuri, lakini jiwe linacheza. Mwenyewe ameshabadilisha beringi, ameshabadilisha jiwe, na bado meza inatikisika mpaka patasi inamruka mkononi. Mimi huuliza jambo moja tu: flanji zake ziko wapi?

Flanji ni zile sahani mbili za chuma zinazolibana jiwe, moja ndani, moja nje. Washa, kile kipete chembamba cha boliti, si flanji. Flanji halisi imechimbwa kidogo katikati ili ibane kwa ukingo wake, mbali na tundu la jiwe. Upana wake haupungui theluthi ya upana wa jiwe, yaani inchi 2 kwa jiwe la inchi 6, na zote mbili lazima zilingane. Mashine ikishapita kwa mafundi kadhaa, flanji moja hupotea na mahali pake inawekwa washa ya boliti ya gari. Washa hiyo inakandamiza palepale kwenye tundu, na ufa huanzia hapo. Jiwe la inchi 6 likizunguka mara 2,850 kwa dakika, ukingo wake unakwenda karibu kilomita 80 kwa saa: kwa saa moja lingetoka Moshi likafika Arusha. Kipande kikichomoka kwa mwendo huo kinatoboa jicho.

Kwa hiyo afungue kava mbele yako. Nati ya upande wa kushoto hufunguka kinyume cha nati za kawaida. Anayeilazimisha anaua meno ya shafti, ule mhimili unaozungusha jiwe. Jiwe likishatoka, lipitishe kidole tunduni lining'inie, kisha uligonge kwa mpini wa bisibisi. Lililo zima hulia kwa sauti kali inayodumu. Likitoa sauti butu, lina ufa. Halafu shikilia ncha ya penseli karibu na shafti, uizungushe shafti kwa mkono. Mwanya ukipanuka na kubana, shafti imepinda. Aga uende zako.

Chaguo langu la kwanza ni Wolf ya Uingereza, na sioni ya kuishinda. Mwili wake mzito wa chuma cha kusubu unameza mtetemo, na zile za nyumbani ziliundwa kwa umeme wa volti 240, hezi 50 (hezi ni mara ngapi umeme unageuka kwa sekunde), zinaoana na wa kwetu wa 230 na hezi hizohizo. Ila soma kibao cha mashine kilichoandikwa volti. Waingereza hutumia volti 110 kwenye maeneo ya ujenzi, plagi yake ya njano, na hizo ukizichomeka hapa zinaungua. Zilizotoka viwandani nyingi ni za fezi tatu, si umeme wa kawaida wa nyumbani.

Metabo ya zamani ya Ujerumani naiweka ya pili, ikiwa na vile vimeza vyake vya kuegemezea chuma. Uvisogeze hadi milimita 3 kutoka kwenye jiwe. Ya tatu ni Baldor ya Marekani. Ni mashine imara, lakini iliundwa kwa hezi 60, na transfoma inashusha volti tu, hezi haizigusi. Hapa itazunguka polepole na kupata joto.

Za Kichina zilizotumika ziache. Kwa bei hiyo chukua mpya.

Linaloniudhi ni wauzaji. Nenda Unga Ltd, Arusha, uone: kibao kimepuliziwa rangi, volti hazisomeki, halafu unaambiwa, "Hii ya mkoloni, mama, haifi," na bei inapita ya mashine mpya dukani. Ukiomba kujaribu, umeme hakuna, na redio ya kibanda hichohicho inaimba. Uzee wa mashine hauna bei. Shafti iliyonyooka na flanji zake ndizo zenye bei. Zikikosekana, muulize fundi wa kukereza vyuma atakutoza kiasi gani kwa jozi, ukate kiasi hicho chote. Usikubali kupozwa na elfu tano.