Kastadi na limau, agizo moja: chupa mbili za majimaji ya vepu

Nianze na hukumu ya ladha hizi mbili za vepu, yaani sigara ya kielektroniki, maana najua wengi mtaishia hapo: kastadi ni nzuri ukiipa muda, limau ni nzuri ukiiwahi, na aliyezitengeneza zote mbili aulizwe kwa nini kabandika agizo lilelile la kungoja wiki mbili kwenye majimaji yenye tabia tofauti kabisa. Chapa siitaji, kwa kuwa lebo za namna hii ziko kila mahali.

Ni chupa za mililita 60 zilizojazwa 50. Nafasi iliyobaki ni ya kichupa cha nikotini cha mililita 10, chenye miligramu 18 kwa kila mililita, unachonunua pembeni na kumimina mwenyewe. Ukishatikisa unapata miligramu 3 kwa mililita. Mtindo huu umetokana na sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2014, iliyosema chupa yenye nikotini isizidi mililita 10. Chupa isiyo na nikotini haikuguswa, na watengenezaji wakapita kwenye mwanya huo. Majimaji yenyewe yanayotoa mvuke ni ya aina mbili: gliserini asilimia 70, propilini glaikoli asilimia 30. Lebo zote mbili zinakwambia utikise kisha uache majimaji yaive wiki mbili.

Limau haina maneno mengi. Ilipokuwa mpya ilikuwa kali, safi, unasikia hadi lile ganda. Nilipoitii lebo, ganda likapotea, ukabaki utamu tu. Harufu za jamii ya limau hubebwa na viambato vyepesi vinavyoruka upesi na kuharibika vikikutana na hewa. Kuisubirisha ni kuipunguza.

Kastadi ndiyo yenye mambo. Nilipomimina nikotini na kuinua chupa kwenye mwanga, niliziona nyuzi nyembamba zikijipinda ndani ya majimaji mazito, zinazama, zinapanda, hazitaki kuchanganyika. Gliserini ni nzito kama asali. Kutikisa mara moja hakutoshi. Mvuto wa kwanza ulipanda puani na harufu ya spiriti. Vanila ilikuwa juujuu, yai na siagi hazikuwepo. Nikaifunga na kuiweka kabatini, nikawa naitikisa kila nikipita. Muda wa lebo ulipotimia, spiriti ilikuwa imefifia, vanila imetulia chini, na ule uzito wa yai ukawa unakuja mwisho, wakati unapotoa mvuke. Ni majimaji mengine kabisa.

Kuna wanaosema hizo ni ndoto, kwamba ulimi ndio unaozoea. Hoja yao ina uzito, hasa ukizingatia kwamba koili mpya (ule waya wenye pamba unaochemsha majimaji) peke yake inaweza kubadilisha ladha ya chupa nzima. Kwa hiyo nilinunua chupa nyingine ya kila ladha, nikamwomba mdogo wangu, kwa kila ladha, ajaze matangi mawili ya vepu yenye koili mpya, moja majimaji mapya na jingine yaliyokaa, asiniambie lipi ni lipi. Kastadi iliyokaa niliitambua bila shida. Limau iliyokaa pia niliitambua, ila kwa ubaya wake.

Na sababu zipo. Baadhi ya ladha huyeyushwa kwa ethanoli, yaani spiriti, ambayo hupungua kila unapofungua kifuniko. Vanilini, kiambato chenye harufu ya vanila, nayo ni ya jamii ya kemikali ziitwazo aldehidi: ikikaa pamoja na propilini glaikoli huungana nayo na kutengeneza kemikali nyingine, asetali, jambo lililokwisha kupimwa maabara. Hivyo kilichomo kwenye chupa kinabadilika kweli. Kinachonishangaza ni kwamba vanila na glaikoli zilikutana kiwandani, si kwangu. Nilichoongeza mimi ni nikotini tu. Kama kastadi ilinifikia mbichi kiasi kile, basi ilitoka kiwandani ikiwa bado na joto la mashine, na kungoja nimeachiwa mimi mnunuzi. Chupa ina tarehe ya kuisha matumizi, haina tarehe ya kuchanganywa. Hiyo ya pili ndiyo ninayoihitaji.

Nilipomwandikia muuzaji kuuliza, alinishauri niiache wazi dirishani, jua liipige mpaka iwe kahawia. Ushauri huu msiufuate. Nikotini ikipigwa na hewa na mwanga huoksidika: inageuka njano, kisha kahawia, nguvu inapungua na koo linaanza kuwasha kama pilipili. Vanilini nayo hutia rangi, kwa hiyo ukahawia hauthibitishi kwamba majimaji yameiva. Halafu tuwe na akili: nikotini ni sumu, na chupa wazi inayonukia peremende ni kitu ambacho mtoto atakionja. Yangu ina kifuniko cha kubonyeza ndipo ukizungushe, nacho ni kigumu kwelikweli. Hapo mtengenezaji nampa alama zote. Ukiwa na haraka, bakuli la maji ya uvuguvugu, chupa imefungwa, kisha tikisa kwa nguvu. Hiyo inasaidia kuchanganya, ingawa haifanyi kazi yote inayofanywa na siku za kungoja.

Kuna jambo jingine ambalo lebo imelikwepa. Imeandika kwa fahari kwamba haina diasetili, kile kiambato cha harufu ya siagi kilichohusishwa na mapafu yaliyoharibika ya wafanyakazi wa kiwanda cha bisi huko Missouri, Marekani, mwaka 2000. Sawa. Lakini haisemi kama kuna asetoini, kiambato kingine cha harufu ya siagi, na asetoini ikikaa ndani ya majimaji ya vepu inaweza kugeuka diasetili humo humo. Kwa hiyo wale wanaofungia kastadi kabatini mwaka mzima na kujivunia kama mali ya urithi, mimi simo. Ubichi ukishaondoka naitumia. (Na wewe ambaye hujawahi kuvuta chochote, usianze kwa sababu ya vanila. Mimi nilitokea kwenye sigara.)

Dosari nyingine ya kastadi: ni tamu mno, na kitamu kile kinagandia koili. Pamba inakuwa nyeusi kabla tangi la pili halijaisha, wakati limau inaiacha nyeupe muda mrefu. Ukipiga hesabu ya koili, kastadi ni ghali kuliko bei yake inavyoonyesha.

Limau nitainunua tena, chupa moja moja, na nikotini nitaimimina siku nitakayoanza kuitumia. Kastadi nitaigusa tena siku watakapochapa tarehe ya kuchanganywa na kueleza habari ya asetoini. Kwa sasa, nyota tatu kati ya tano kwa kastadi, nne kwa limau, na sifuri kwa ushauri wa dirishani.