Uzoefu wangu: kukimbia Kisesa, Bujora na Luchelele

Miaka mingi nilikimbia lami ya mjini Mwanza: Makongoro hadi Capri Point, nageuka, narudi. Goti la kulia lilipoanza kunisumbua nikahamia vijijini, na huu ni mwaka wa pili. Watu wananiuliza njia ipi ni nzuri. Mimi huwauliza kwanza: mvua ya mwisho huko ilinyesha lini?

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya Kisesa. Unapanda daladala barabara ya Musoma, unashuka Kisesa, kisha unashika njia ya Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Hapo ni mlimani, kwenye mawe makubwa, kwa hiyo anza taratibu. Kumbuka pia kwamba hata ziwa lenyewe liko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari. Mgeni wangu mmoja wa Dar es Salaam alidhani anaumwa, kumbe ni pumzi tu haijazoea.

Ukishaanza kushuka, angalia chini, maana ardhi ya Usukumani imepangwa kama ngazi na kila ngazi inakimbilika kivyake. Juu ni mawe. Chini yake kuna mchanga mwepesi unaoitwa luseni, na hapo ndipo utakuta makazi ya watu, mihogo, viazi vitamu na karanga. Ukishuka zaidi unakutana na ibambasi, udongo wa kijivu mgumu usiopitisha maji, ndiyo sababu watu wamechonga majaruba ya mpunga juu yake. Chini kabisa ni mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi. Majina haya nilifundishwa na mzee aliyenikuta nimekaa pembeni ya njia nakwangua tope kwenye raba kwa kijiti. Aliniambia, "Kijana, hapa si pa kupita mwezi huu, rudi juu kwenye luseni." Tangu siku hiyo sijawahi kukosea njia kwa sababu ya tope.

Basi hesabu zangu ni hizi. Kiangazi, Juni hadi Septemba, luseni inakuwa mchanga mkavu unaomeza mguu, na kilomita moja utaihisi kama mbili. Ibambasi wakati huo ni kama sakafu ya saruji, goti bovu litalalamika. Mbuga inapasuka, na mipasuko mingine inaingia kisigino chote, kwa hiyo usiikimbie kukiwa bado giza. Mvua za kwanza zikishapiga, mara nyingi Oktoba au Novemba, luseni inashikamana na kuwa laini bila kuteleza. Hiyo ndiyo ardhi bora ya kukimbilia niliyowahi kuikanyaga. Asubuhi ya baada ya mvua ya usiku naenda kilomita 12 na goti halisemi neno. Mbuga nayo msimu huo iache kabisa, kila kiatu kitabeba tope lake na utatembea kama mtu aliyefungwa mawe.

Jambo moja nalisema kwa uzito: usikimbie juu ya matuta ya majaruba. Yanavutia, yamenyooka, na ukiyatazama kwa mbali utadhani yametengenezwa kwa ajili yako. Mimi nilibomoa moja mwezi Januari. Maji yakaanza kutoka, na mwenye shamba, mama wa makamo, alikuwa hatua chache tu. Hakunitukana. Alinipa jembe. Nilirudishia udongo karibu nusu saa huku akinieleza kwamba maji yale ndiyo mpunga wake, yakishuka kwa jirani hayapandi tena. Nikimkuta sasa nasimama kabisa kumsalimia.

Salamu nazo ni sehemu ya njia hii. Juni na Julai jua huchomoza ikikaribia saa moja, kwa hiyo ukitoka mapema unakutana na watu gizani, na mtu anayekimbia gizani bila kusema kitu anatia wasiwasi. Punguza mwendo, sema "Mwangaluka," salamu ya asubuhi ya Kisukuma. Mwanzoni nilikuwa naulizwa kama kuna msiba. Siku hizi watoto wa shule wananisindikiza hadi njia panda na madaftari yao mkononi, na wananishinda mbio.

Anayetafuta msitu mnene asije huku. Enzi za ukoloni vichaka vingi vya Usukumani vilifyekwa kupambana na mbung'o, baadaye pamba, mifugo na kuni vikamaliza sehemu kubwa ya vilivyobaki. Kuna ngitili, maeneo ya nyasi na migunga yanayofungwa msimu wa mvua ili ng'ombe wapate malisho kiangazi. Ile ninayoipitia ina kivuli cha kweli, na kware huruka miguuni ghafla hadi moyo unashtuka. Lakini ngitili ina mwenyewe. Mimi niliomba ruhusa, nikaambiwa nifuate kijia cha pembeni na nisikanyage nyasi changa. Nimefuata.

Luchelele ni habari fupi zaidi. Unaanzia Malimbe, karibu na chuo cha SAUT, unaelekea ziwani. Mawe, mashamba madogo, pimbi wanaota jua, mijusi wenye vichwa vyekundu, na furukombe akilia juu ya maji. Kwa macho, inaizidi Kisesa. Kwa miguu hapana, kuna kokoto nyingi na bodaboda hazipungui. Na hata ukitoka jasho kiasi gani, usiingize miguu ziwani kujipoza: kichocho kinapenya kwenye ngozi, hakihitaji kidonda.

Kwa kutafuta vijia natumia ramani ya OpenStreetMap niliyoipakua kwenye simu, haili bando. Raba zangu ni za mtumba, za soko la Mlango Mmoja, zenye meno marefu chini. Zile laini za lami ziache nyumbani. Barabara ya mchepuko ya Usagara hadi Kisesa usiifanye njia ya mkato, malori yanapita kasi.

Kisesa naipa nyota tano kuanzia Novemba, tatu kiangazi. Luchelele nne mwaka mzima. Ukienda Bujora Juni, baada ya sikukuu ya Ekaristi, utakuta ngoma za sikukuu ya Bulabo, makundi mawili ya wachezaji, Wagika na Wagalu, wakishindana. Siku hiyo kimbia mapema, uoge, urudi kutazama.