Amesuuza bomba, anasema

Nilitaka kumpa nyota tatu, kwa sababu kazi anaijua. Ni kijana anayekodiwa kupulizia dawa: anakuja na bomba lake la mgongoni, wewe unatoa dawa. Msimu uliotangulia alinipulizia mahindi yenye viwavijeshi vamizi. Alikuja jioni bila kuambiwa, wadudu wakiwa wanatoka mafichoni, akaelekeza nozeli kwenye moyo wa mche badala ya kunyunyiza hewani kama wengi. Mahindi yakapona. Nikamsifia kwa kila mtu, na sifa hizo sasa zinaniuma.

Nikamwita tena kwenye nyanya. Zilikuwa zinaanza maua, hazina tatizo, nilitaka tu kuzikinga na bakajani maana mvua ilikuwa haikatiki. Dawa ya ukungu niliipima mwenyewe na lebo nikaisoma mara mbili. Bomba ndilo sikulikagua.

Siku mbili tatu baadaye, ncha zote zimejipinda kama shingo ya mtu aliyelala vibaya. Majani mapya yanatoka membamba, marefu, yamejisokota, mashina yamevimba. Nikampigia. Akaja, akasimama pembeni, hata shambani hakuingia, akatamka: "Mama, hivyo ni virusi. Inzi weupe hao. Tupulize dawa nyingine." Tupulize! Yaani aliyeua ndiye aje auze na sanda.

Virusi mimi navijua, nimeshang'oa miche ya namna hiyo kwa mikono yangu. Virusi vya inzi weupe huanza na mche mmoja hapa, mwingine kule. Majani hudumaa, hukunjika kwenda juu kama kikombe, kingo zikawa njano. Haya yangu yalifuata nyayo zake. Alikoanzia na bomba la kwanza ndiko kulikoharibika vibaya, alikopita na bomba la tatu majani yamejikunja kidogo tu, na matuta mawili ambayo dawa iliisha kabla hajayafikia ni mazima kabisa. Kilichonimaliza ni mchicha pori uliojiotea katikati ya matuta: nao umejisokota vilevile, huku nyasi pembeni yake zimesimama zinacheka. Kirusi gani hicho kinachopiga kila chenye majani mapana kwa siku moja na kuruka jamii ya nyasi? Hiyo ni tabia ya 2,4-D, dawa ya kuua magugu ya majani mapana, na ndiyo sababu watu huipulizia kwenye mahindi na ngano.

Nikamuuliza bomba lilitokea wapi. Hata hakupepesa: "Nilitoka kuua magugu kwenye mahindi, lakini nilisuuza."

Alisuuza! Kwa maji matupu, mara moja. Nyanya haitaki hata harufu ya dawa hiyo; masalia kidogo kwenye mpira au kichujio cha nozeli yanatosha. Bomba la namna hiyo huoshwa kwa sabuni, likajazwa maji yenye amonia, yakapitishwa mpaka kwenye nozeli, yakalala humo usiku kucha, kisha likasuuzwa tena na tena. Afadhali zaidi uwe na bomba la magugu peke yake, ulipake rangi nyekundu, lisiguse kazi nyingine mpaka lichakae.

Nyota mbili basi. Hapana, moja, na hiyo ni ya mahindi. Kukosea kila mtu hukosea, na mimi nami sikuuliza, hilo nalikubali. Ningemsamehe kama angesema tu, "Mama, bomba langu lilikuwa chafu." Lakini kunikazia macho na kunifundisha virusi kwenye shamba langu mwenyewe, halafu atake nimlipe mara ya pili kuua inzi wasiokuwepo? Nilipindua majani mbele yake, moja baada ya jingine. Chini hakuna inzi hata mmoja. Akasema wameruka.

Wameruka! Nyota naziondoa zote. Ila kama wewe una mahindi peke yake, huna nyanya, maharage wala pamba, mwite tu. Kwa kweli ni mpulizaji mzuri.