Uzoefu wangu: Toyota 86 iliyoshushwa, TEIN Flex Z na matuta ya Dar

Toyota 86 yangu niliinunua mkononi hapa hapa Dar, ikiwa tayari imeshushwa. Kwa macho ilikuwa safi: pua chini, matairi yamejaa chini ya madigadi, gari limelala barabarani. Lakini ikikanyaga rasta za Barabara ya Morogoro, kila mkanda uliupata kwenye uti wa mgongo, na dashibodi nzima ililia. Mama yangu, ambaye kiuno kinamsumbua miaka mingi, alipanda mara moja akaniambia, "Mwanangu, gari lako zuri, ila mimi niache nipande mwendokasi."

Nikalipeleka gereji, tukafungua. Springi za kiwandani zilikuwa zimekatwa kwa grainda, na shokapu zilikuwa zile zile zilizotoka na gari Japani. Jambo hili wengi wanaoshusha magari hawaelezwi, kwa hiyo nitalieleza taratibu. Shokapu ina safari yake ya kuingia na kutoka. Karibu na mwisho wa kuingia kuna raba inayozuia chuma kisigonge chuma. Ukikata springi na kulishusha gari sentimita nne au tano, safari ya kuingia unakuwa umeila karibu yote. Gari limesimama tu na tayari raba iko jirani. Likipita tuta dogo, springi haina kazi tena. Uzito wote unapokelewa na ile raba. Fundi alipovua gamba la vumbi tukaiona: imepasuka ubavuni, imesagika ikawa unga mweusi uliogandia kwenye fimbo ya shokapu, na fimbo yenyewe imelowa mafuta.

Hapo ndipo nilipoacha kuuliza "springi ipi laini?" nikaanza kuuliza "nikishusha, safari ya kuingia inabaki kiasi gani?" Springi ngumu kidogo, iliyopewa shokapu inayoendana nayo na nafasi ya kutosha ya kufanya kazi, ina raha kuliko springi laini inayogonga raba kila baada ya nyumba mbili. Nimekaa kwenye magari ya aina zote mbili, na katika hili sina shaka hata kidogo.

Njia ya bei nafuu ni kununua springi fupi peke yake, kama Eibach Pro-Kit au TEIN S.Tech. Pro-Kit naiheshimu: inashusha kwa kiasi, huanza laini na kukaza kadiri inavyobanwa. Mwenye gari ambalo shokapu zake bado ni nzima hiyo inamfaa kabisa. Zangu zilikuwa zinavuja, na kuweka springi mpya juu ya shokapu iliyokufa ni kutupa hela. Upande wa juu kuna koilova, yaani seti za shokapu na springi zake ambazo urefu unaupanga mwenyewe, kama KW na Öhlins Road & Track. Hiyo Öhlins ina valvu inayofunguka haraka mafuta yapite gurudumu linapopigwa ghafla, iwe linapanda au linashuka shimoni, na kwa barabara zetu ningeitamani sana. Bei ilinizidi. Katikati hapo zimejaa seti za rangi za kuvutia zinazotangazwa kuwa na ngazi 32 za ugumu. Idadi ya ngazi haikuambii lolote kuhusu valvu zilizomo ndani, na nyingi ya seti hizo huja na springi za mtu anayekwenda kudrifti.

Nikachukua koilova za TEIN Flex Z. TEIN ni kampuni ya Yokohama, ipo tangu 1985, na vipuri vyake kuagiza Japani si kazi. Lililonivutia kwanza ni kwamba shokapu zake ni za mirija miwili, mmoja ndani ya mwingine. Jiwe likibonyeza mrija wa nje, pistoni inaendelea kutembea ndani ya mrija wake bila kuguswa. La pili, na kwangu ndilo kubwa, ni namna urefu unavyopangwa. Kwenye koilova za bei ya chini kabisa unashusha gari kwa kuteremsha kikalio cha springi, na kwa kufanya hivyo unaila safari ile ile tuliyoizungumza. Kwenye Flex Z unazungusha mwili wa shokapu ndani ya kitako chake cha chini. Gari linashuka, springi inabaki na mkazo wake, na safari ya shokapu inabaki ilivyo. Ugumu una ngazi 16, unazungusha kwa juu: mbele unafungua boneti, nyuma unaingilia kwenye buti. Ijulikane pia kwamba shokapu zake zimefungwa moja kwa moja, hazifunguliwi kufanyiwa ukarabati. Ikifa unanunua nyingine. Mimi naona ni sawa, kwa kuwa hata zinazofunguka ningezipeleka kwa nani?

Kufunga tulifunga Sinza, kwa fundi ninayemwamini. Tulibishana kidogo kuhusu kimo.

"Bosi, tushushe mpaka vidole viwili tu viingie kati ya tairi na madigadi, gari lionekane."

"Hapana, fundi. Milimita ishirini zinatosha. Barabara ya kwetu Goba unaijua."

"Watu hawatajua kama limeshushwa."

"Mgongo wangu utajua."

86 ikitoka kiwandani ina takriban milimita 130 kutoka ardhini hadi sehemu yake ya chini kabisa. Ukitoa ishirini unabaki na 110, na hapo bado unapita matuta ya mtaani ukiyaingia kwa pembe, gurudumu moja moja. Ukishuka zaidi ya hapo mambo mengine yanaanza. Mbele, mikono ya chini, yaani vyuma vinavyounganisha gurudumu na bodi, inaanza kuinamia juu, na usukani unavutika wenyewe kila gurudumu likipanda. Nyuma, matairi yanalalia ndani na kuliwa upande mmoja, kisha unajikuta unatafuta mikono ya kurekebisha ambayo hukuipangia bajeti.

Kuna hatua moja naomba kila mmoja aisimamie kwa macho yake mwenyewe. Nuti za mikono hazikazwi gari likiwa linaning'inia kwenye jeki. Kwenye kiungo cha kila mkono kuna bushi, na raba yake imeshikana na chuma ndani na nje. Ukiikaza gurudumu likiwa limening'inia, gari likishushwa raba inabaki imejisokota saa zote. Inavuta kama springi ya ziada, gari linakuwa gumu bila sababu, halafu bushi inachanika mapema. Fundi wangu alipanga mbao nene chini ya matairi manne, gari likakanyaga kwa uzito wake wote, akalitikisa mara kadhaa likae, ndipo akaingia chini na spana kukaza. Ilichukua muda, na jua lilikuwa kali. Lakini asilimia kubwa ya malalamiko ninayosikia ya "koilova ngumu" naamini yanaanzia hapo. Baada ya hapo ni alaimenti na kuelekeza taa upya, maana kimo cha gari kimebadilika.

Ngazi za TEIN zinahesabiwa kuanzia ngumu kabisa: unazungusha kwenda kulia mpaka mwisho, halafu unarudi ukihesabu milio. Kwa mjini nimeweka 10 mbele na 12 nyuma. Nikiwa na safari ya Morogoro na mizigo, nyuma narudisha 8, kwa sababu gari likiwa zito na mwendo ukiwa mkubwa, ulaini huo huo unageuka kuyumba.

Matokeo yake? Rasta zinasikika masikioni, tru-tru-tru ya matairi, ila kiti hakikupigi. Tuta unapanda, unashuka, gari linatulia palepale bila kudunda mara ya pili. Kwangu hicho ndicho kipimo cha shokapu inayofanya kazi. Kona nazo 86 imekuwa gari lile nililokuwa nalitaka: unageuza usukani, pua inafuata, nyuma inatulia. Mama alikubali kupanda tena tukaenda Kibaha, na kabla hatujafika Mbezi alikuwa amelala.

Haitakuwa Crown, na asiyejua hilo asinunue gari hili. Kwenye makorongo madogo ya barabara ya vumbi, ukiwa mwendo wa polepole, utayasikia karibu yote, kwa sababu gari ni jepesi na kiti kiko chini. Kingine ni chumvi na vumbi. Sisi wa pwani uzi wa koilova, ile mikato kama ya skrubu inayozungushwa kupanga urefu, unaganda usipoangaliwa, kwa hiyo kila gari linapooshwa nasugua uzi kwa brashi na maji, nakausha, na kabla ya kuzungusha chochote naupulizia mafuta. Usilazimishe spana kwenye uzi wenye mchanga.

Halafu kuna matairi, ambayo watu huyasahau kabisa wakizungumzia raha. Yangu ni 215/45 kwenye rimu ya 17, ubavu wa tairi una karibu milimita 97. Marafiki wananishawishi nipande rimu ya 18 na tairi la 215/40, ambapo ubavu unashuka hadi 86. Milimita hizo kumi na moja ni mto wa hewa ambao hakuna koilova itakayokurudishia, tena kwenye mashimo ya Dar ndizo zinazookoa rimu. Nimebaki na 17, upepo 35 asubuhi matairi yakiwa ya baridi, si zile 40 vijana wa kujaza upepo wanazoweka bila kuuliza.

Kama nyumbani kwako ni lazima upite barabara isiyo na lami kila siku, nunua shokapu mpya za kimo cha kiwandani na uache springi zake. Kama lami inafika getini na unachohofia ni matuta tu, hii seti na milimita ishirini ningeifunga tena kesho.