Pedali kwenye dabo besi la taarab: uzoefu wangu jukwaani

Mpiga gitaa la besi huchomeka pedali, kile kifaa cha kubadilisha sauti kinachokanyagwa kwa mguu, na kuendelea na wimbo. Dabo besi, ile fidla kubwa inayopigwa imesimama, haikubali hivyo. Ina tumbo kubwa la mbao linalopokea kila kinachopita jukwaani: ngoma ya dumbak, akodiani, spika ya mwimbaji, hata miguu ya watu wanaocheza. Usipolituliza kwanza hilo tumbo, pedali utakayoiongeza itakuza kelele pamoja na muziki. Napiga katika kundi dogo hapa Unguja, lenye ganuni, udi, fidla, akodiani, dumbak, rika (tari ndogo) na mwimbaji. Mwanzo wa usiku tunapiga taarab asilia. Watu wakishasimama tunahamia kidumbak, ngoma ya kucheza iliyo ndugu ya taarab. Ni hiyo nusu ya pili iliyonifanya nianze kuweka pedali miguuni.

Nianze na kitu ambacho wengi hukiruka. Pikapu yangu, yaani kifaa kinachogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme, ni ya piezo, ile inayobanwa kwenye daraja la nyuzi. Piezo hufanya kazi kama kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme), na kapasita ikikutana na ingizo lenye ukinzani mdogo hugeuka kichujio kinachokata besi. Ndiyo maana ukiichomeka moja kwa moja kwenye ingizo la kawaida la mixer, ambalo mara nyingi lina ukinzani wa maelfu au makumi ya maelfu ya ohimu tu, besi ya gharama kubwa hulia kama mtu aliyebanwa pua. Ingizo la megaohimu 1 linazifaa pikapu nyingi, na 10 ni bora zaidi. Kwa hiyo pedali ya kwanza kwenye mstari lazima iwe priampu, yaani kikuza sauti cha awali. Yangu ni Fishman Platinum Pro EQ. Ina swichi ya kuchagua gitaa au besi, ina chombo cha kulinganishia nyuzi ndani yake, swichi ya kugeuza fezi (mwelekeo wa wimbi la sauti), na njia ya XLR, ile ya waya wa maikrofoni, ya kumpelekea fundi mitambo sauti moja kwa moja. Swichi ya fezi peke yake imeniokoa mara nyingi: besi ikianza kuvuma yenyewe kwa sababu spika iko nyuma yangu, naibonyeza na mara nyingi mvumo unakatika bila kupunguza sauti.

Baada ya priampu ninayo pedali ndogo ya kichujio kutoka Broughton Audio, kazi yake ni kukata sauti za chini kabisa. Mtu ataniuliza, kwa nini ukate chini wakati besi ndiyo chini yenyewe? Uzi wa E ulio wazi uko kwenye hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Yaliyo chini ya hapo si noti. Ni tetemeko la jukwaa, upepo, kishindo cha mkono ukigonga mbao, na yote hayo yanaila nguvu ya amplifaya bila mtu kusikia chochote cha maana. Tena uzito wa ile E ambao sikio linaupata kwenye ukumbi mwingi unatoka kwenye hezi 82, oktava moja juu yake. Kwenye majukwaa ya mbao yenye uwazi chini, kama yale yanayoundwa kwa siku moja kwenye bustani za hoteli, nakigeuza kitasa mpaka karibu hezi 60 na noti zinatoka safi, kila moja na mwanzo wake na mwisho wake. Ukishapata priampu, ningeshauri pedali hii kabla ya nyingine yoyote. Haina mbwembwe, msikilizaji hataijua, lakini bila hiyo hizi nyingine hazifanyi kazi.

Sasa kidumbak. Anayejua ngoma hii anajua kwamba besi yake ni sanduku: boksi la chai, uzi mmoja, na fimbo ambayo mpigaji anaivuta na kuilegeza ili sauti ipande na kushuka. Sauti ya sanduku ni pana, ina kishindo, na noti zake zinateleza. Dabo besi iliyopigwa kwa vidole kwa adabu ya taarab ya orkestra, ile ya kundi la Ikhwani Safaa lililoanzishwa 1905, haina kishindo hicho. Nilichokitaka ni kuileta ile hali bila kubeba ala mbili, na pedali iliyonipa ni Boss OC-5.

OC-5 ilitoka 2020. Inachukua noti unayopiga na kuongeza nyingine oktava moja chini, au mbili chini, au moja juu, na kila moja ina kitasa chake. Ina hali inayoitwa Vintage, inayoiga OC-2 ya mwaka 1982, na hiyo ndiyo ninayoitumia. Hali hiyo inafuata noti moja tu kwa wakati. Nyuzi mbili zikilia pamoja inababaika, kwa hiyo mkono wa kushoto lazima uzizime nyuzi usizozipiga. Lakini ukiteleza kutoka noti moja kwenda nyingine, oktava ya chini inakufuata ikiyumba kidogo nyuma yako, na huo myumbo ndio sanduku lenyewe! Wazee wanaocheza kidumbak walianza kugeuza vichwa kutazama sanduku liko wapi.

Kuna mpaka wa kuujua. E iliyo wazi ikishushwa oktava inakwenda kwenye hezi 20 hivi, ukingoni mwa usikivu wa binadamu, na spika za inchi 12 zinazokodishwa hapa haziwezi hata kuijaribu. Zinapumua tu na kupoteza nguvu. Mimi naiwasha nikiwa kwenye uzi wa D na G, ambako D ya hezi 73 inapata mwenzake wa 37 na G ya 98 inapata wa 49. Sauti asilia naiacha mbele, oktava nyuma yake kiasi kwamba msikilizaji anatambua tu pale inapozimwa. Oktava mbili chini nimeifunga kabisa.

Kwa upinde mambo yanabadilika. Noti ya upinde inaanza polepole, na pedali inasita kabla ya kuitambua, kwa hiyo mapigo ya haraka ya bashrafu (muziki wa ala tupu wa kufungulia taarab) si mahali pake. Lakini noti ndefu, na oktava ya juu ikiongezwa kidogo, inakaribia sauti ya cello. Kundi dogo lisilo na safu ya fidla linafaidika sana na hilo.

Pedali ya mwangwi, kwangu MXR Carbon Copy, ina nafasi moja tu usiku mzima: taksimu, pale ala moja inapopiga peke yake kwa kubuni. Taksimu haina mapigo ya ngoma, mpigaji yuko huru, na marudio ya Carbon Copy, yanayofika milisekunde 600, ni ya kiza na hayashindani na noti mpya. Eberhard Weber wa Ujerumani aliwahi kusimama jukwaani peke yake na besi yake ya umeme ya kusimama akijenga muziki mzima kwa marudio, na kwenye taksimu ndipo ninapomwelewa. Dumbak ikiingia naizima papo hapo, maana marudio yakianguka kando ya pigo yanamvuruga mpigaji wa rika.

Chorus siitaki kabisa kwenye taarab, na hili nalisema kwa uzito. Pedali hiyo inaongeza sauti ya pili iliyopotoka kidogo. Maqam (ngazi za sauti za Kiarabu) ya Rast na Bayati zina sauti ambazo hazipo kwenye kinanda cha kawaida. Udi na fidla wanazitafuta kwa sikio, na wanaitegemea besi iwape msingi usiotetemeka. Ukiutetemesha msingi, mwimbaji naye anapotea. Kwa muziki wa dansi labda, kwetu hapana.

Kuhusu bei, OC-5, ukijumlisha usafirishaji na ushuru, si pesa ndogo kwa mwanamuziki wa hapa. Ongeza na kigawa umeme kizuri cha volti 9 ambacho kila tundu lake limetengwa na lingine, kwa sababu tukiwa kwenye jenereta vile vya bei rahisi vinaleta mnguruno unaosikika kila mwimbaji akinyamaza. Hewa ya chumvi nayo inakula jeki. Nazifuta mara kwa mara kwa dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, na pedali zote zinalala kwenye boksi lililofungwa pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu.

Mwenye fedha ya pedali moja tu anunue priampu, na akipata zaidi aongeze kichujio. OC-5 ningeinunua tena kesho, lakini kwa kundi linalopiga kidumbak. Kundi la taarab asilia tupu halina haja nayo.