TAHADHARI: Huyu "afisa wa ufadhili" anayewapigia wazazi wa watoto wenye saratani

Wazazi wenzangu mnaouguza watoto hapa Nairobi, hasa nyinyi mliotoka mashambani na mnalala kwa jamaa, kuna mwanamume anatupigia simu. Someni hii hata kama mko kwenye foleni.

Mwanangu ana saratani ya damu. Mwezi jana tulitengeneza bango la mchango tukalisambaza WhatsApp. Siku ya tatu, simu ikaita. Jamaa alijua jina la mtoto, wodi aliyolazwa, hata bili iliyobaki. Nikajua ametumwa na hospitali. Baadaye ndipo nilipolitazama vizuri bango letu: yote aliyoniambia tulikuwa tumeyaandika wenyewe.

Alisema mtoto "amepitishwa" na wafadhili wa ng'ambo, shilingi 350,000, ila kuna ada ya kufungua faili, 3,500. Nikatuma. Kesho yake, 6,800 za "wakili". Jina lililotokea kwenye M-Pesa lilikuwa la mwanamke. Akasema huyo ni mhasibu wao. Nikakubali! Ukikesha siku nne kando ya dripu, unakubali mengi. Alipodai "ushuru wa pesa za kigeni" dada yangu akaninyang'anya simu.

Niliutuma ujumbe wa M-Pesa kwa 456 nirudishiwe, lakini alikuwa ameshatoa pesa. Ukishtuka mapema, tuma ujumbe huo kwa 456 kwanza, matusi baadaye. Namba yake nimeiripoti Safaricom kwa 333, na polisi wamenipa namba ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio.

Hizo 10,300 ziliuma, lakini kuna lililoniuma zaidi. Binamu yangu alilikuta bango letu Facebook, picha ya mwanangu ileile, namba ya kutuma mchango imebadilishwa. Sijui ni wangapi walishatuma. Bango jipya halina wodi wala bili, jina la kwanza tu, na limeandikwa jina la mwenye namba ili anayechanga alilinganishe na linalotokea kwenye simu yake.

Kuhusu msaada wenyewe: tangu SHA, bima ya afya ya serikali, ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kujisajili ni bure, unabonyeza *147#. Anayetaka "chai" ili akuingize ni mwizi tu. Bili ikikushinda kwenye hospitali ya umma, muulize nesi ofisi ya ustawi wa jamii iko wapi, uende mwenyewe na karatasi zako. Faraja Cancer Support Trust, hapa hapa Nairobi, nao wana mfuko wa kusaidia matibabu. Waendee wewe, usingoje simu.

Siku ya Jumanne tapeli huyo alimpigia mama wa kitanda cha jirani. Siku hizi anajiita daktari. Huanza na "Bwana asifiwe", huongea polepole kama mchungaji, kisha hukuomba usimwambie nesi yeyote, "wazazi wengine wasije wakaona wivu." Akifika hapo, kata simu.