Kreka za unga na maji: ukiwa Uingereza ununue ipi?

Wadau mlioko Uingereza, naongelea zile kreka kavu nyembamba zisizo na sukari wala maziwa, za kunywea chai au kuwekea chizi. Kabla hujatupia kwenye toroli geuza boksi usome viungo, maana nyingi zinaitwa za maji ila ndani kuna mafuta na chumvi.

Namba moja ni matzo za Rakusen's wa Leeds, hakuna mjadala. Unga wa ngano na maji, basi. Huu ndo mkate wa Pasaka ya Wayahudi, na kwa sheria yao toka maji yaguse unga mpaka uokwe zisipite dakika 18, usije ukaanza kuumuka. Ndo maana ni kavu kweli kweli, ukivunja inalia kacha, ina madoa ya kuungua na mistari ya vitundu vinavyotoa mvuke ili isivimbe. Ladha ni ngano iliyochomwa tu, kwa hiyo paka siagi, au chovya kwenye maharage ya nazi uone mambo. Mwenye presha anaepunguza chumvi hii ndo yake, ila mwenye sukari asijidanganye, huu ni unga mweupe na unapandisha vilevile. Na kama unampelekea jirani Myahudi kwa ajili ya sikukuu, tafuta boksi lililoandikwa ni la Pasaka, maana za kawaida hazikubaliki siku hizo.

Ya pili Carr's Table Water, kampuni iliyoanzia Carlisle mwaka 1831. Za duara, nyembamba mno, mafuta yapo kidogo na chumvi pia. Kwa chizi kali hazina mpinzani, sema siagi iliyotoka friji usijaribu, itapasukia mkononi.

Jacob's cream crackers naziweka ya tatu kwa sababu zina hamira na mafuta zaidi, sio unga na maji kihivyo. Lakini kwa chai ya maziwa ni tamu sana, zile tabaka zinanyonya chai vizuri na bei haiumi.

Za supamaketi zenyewe nunua tu kama viungo vinafanana, utaokoa hela.

Zikilegea usitupe. Oveni nyuzi 150, dakika tano, halafu ziache zipoe kabisa ndo uzifungie kwenye kopo, ukizifungia za moto mvuke unazilegeza upya.